Herufi moja si neno moja

Bado wapo wanaosoma sarafu ya Kirumi kama wanategua kitendawili: kila herufi inatafutiwa neno lake, likikosekana linabuniwa, kisha mtu anatamba. Kwa mtindo huo, S.L.P. kwenye bahasha itakuja kuwa Sultani wa Lamu na Pemba.

Ugonjwa huu una mzee wake. Jean Hardouin, Myesuti wa Ufaransa, alitoa kitabu cha sarafu za miji ya kale mwaka 1684, na kwake herufi ilikuwa rahisi mno kugeuka neno zima. Bwana huyu alishikilia kwamba maandiko mengi ya Wagiriki na Warumi yalighushiwa na watawa wa Zama za Kati. Sarafu ndizo alizoziamini. Akaziamini, halafu akazisemesha alichotaka! Husimuliwa kwamba mwenzake mmoja alimkomesha kwa CONOB, herufi za kwenye sarafu za dhahabu: Cusi Omnes Nummi Officina Benedictina, yaani sarafu zote zimepigwa katika karakana ya Wabenedikto, yaani watawa. Kanuni ni yake mwenyewe, ajibu nini? (CON ni Constantinople, OB ni dhahabu iliyosafishwa.) Haya, toleo la Hardouin la Plinius, mwandishi wa Kirumi, la 1685 lilikuwa kazi ya maana. Nimekiri, tuendelee.

Shika dinari, sarafu ya fedha, ya mtawala wa Roma Traianus. Anzia chini kushoto, zunguka kama mshale wa saa, na usingoje nafasi kati ya maneno. Mwishoni utakuta P M TR P COS V P P. P ziko nne, na kila moja ina neno lake: pontifex (kuhani), potestas (mamlaka), pater (baba), patriae (wa nchi). Huzijui kwa kukodolea P. Unazijua kwa jirani zake, na kwa kutafuta sarafu nyingine iliyoandika TR P kwa urefu zaidi: TRIB POT, mamlaka ya tribuni. Na COS? Herufi tatu, neno moja: consul, yaani konsuli, cheo cha juu cha Roma. N haimo kabisa.

Sarafu za Aleksandria, Misri, ndizo zilizowaumbua wengi. Mbele ya namba ya mwaka kuna alama L, na wataalamu wa zamani wakaisoma lykabas, neno la kishairi la mwaka. Lakini L ya Kigiriki huandikwa Λ, na sarafu hizohizo zinaiandika hivyo kwenye jina la mfalme! L ile ni alama ya makarani ya kuandikia mwaka. Hawa nawasamehe nusu, maana mafunjo ya Misri yaliyojaa alama hiyo yalikuwa hayajafika mezani mwao.

Joseph Eckhel, mtaalamu wa sarafu wa Vienna, katika juzuu 8 za 1792 hadi 1798, alipanga sarafu mji kwa mji, utawala kwa utawala, ili moja iifafanue nyingine. Kazi ya kuchosha, haina kutamba. Ukifanya hivyo utaona AVG, yaani Augustus, cheo cha mtawala, inakuwa AVGG watawala wakiwa wawili, na AVGGG wakiwa watatu. Wanaobuni neno kwa kila herufi watuambie G ya tatu ni ya nani.