Mwaka mmoja na nusu wa chuo ni hasara kweli kwa anayetaka urubani?

Hapa kwetu Kisumu tumebishana karibu mwezi mzima kuhusu mtoto wa dada yangu. Yuko Chuo Kikuu cha Maseno, anasoma hisabati, amebakisha mwaka mmoja na nusu, na sasa anataka kuacha aende Wilson, ule uwanja wa ndege wa Nairobi, kusomea urubani. Dada ameshakubali kuuza kipande cha shamba. Anayepinga ni mimi mjomba.

Hoja za kijana si za kitoto, nimkubalie hapo. Leseni ya urubani wa biashara haidai digrii, ukiwa na miaka 18 na masaa kama 200 ya kuruka unaweza kuipata, na hata shirika la ndege la Delta kule Marekani waliondoa sharti la digrii Januari 2022. Halafu kuna sinioriti, yaani nani alitangulia kazini. Kwa mashirika mengi makubwa namba yako inahesabiwa kutoka siku uliyoandikwa, aliyekutangulia anachagua safari na likizo kabla yako, anakuwa kepteni kabla yako, na mkifika miaka 65 wote mnatoka. Kwa hiyo mwaka ukichelewa leo unakatwa kule mwisho, kwa mshahara mnono wa kepteni. Hiyo hesabu ni ya kweli.

Shida ni kwamba inachukulia kijana ataruka miaka arobaini na kitu bila kukatika, na mimi hapo ndipo nashindwa kulala. Leseni ya rubani inaishi kwa cheti cha daktari, ile medikali ya Daraja la 1, unapimwa kila mwaka na umri ukisogea ni kila miezi 6. Moyo ukianza mapigo ya ajabu, au uanguke kifafa hata mara moja tu, daktari anakusimamisha, na yale masaa yako yote hayakupi kirahisi kazi nyingine nje ya urubani. Mwalimu akipata kisukari bado anafundisha, mhasibu bado anapiga hesabu, lakini rubani anaweza kuwa na miaka 34, mkopo na watoto wawili, na mbele ya mwajiri mwingine yeye ni mtu wa KCSE tu, cheti cha fomu 4.

Na si mwili peke yake. Machi 2020 ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa Kenya hadi Agosti 1, Kenya Airways (KQ) ikafunga mwaka na hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 36, watu wakapunguzwa kazi wakiwemo marubani. Na wakipunguza, mara nyingi wa chini kwa listi ndio hutoka kwanza, yaani haohao vijana waliokimbilia namba.

Pia masaa 200 si kazi bado. Wengi hukaa Wilson wakitafuta masaa, wakiomba kiti cha kando ya rubani kwenye Caravan, ile ndege ndogo, ya kwenda Lodwar, na huko kusubiri kunaweza kumeza huo mwaka na nusu anaouogopa.

Angekuwa ndio anamaliza fomu 4 pengine ningesema aende, maana miaka minne ni mingi. Lakini huyu ameshalipa sehemu kubwa. Nimemwambia dada, likizo hii kijana apande basi Nairobi apimwe hiyo Daraja la 1 kwanza, arudi amalize semista zake, na mnunuzi asionyeshwe mipaka ya shamba kabla cheti cha daktari hakijafika mkononi.