Mama wa Hadiwea Kaniokoa kwa Nguvu

Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri simu inalia ting. Kwetu simu ya saa hizo ni msiba au mtu kashikwa, kwaiyo nikaruka kitandani, goti likapiga kwenye ndoo ya maji ya akiba, maji yote chini, nafungua simu huku nachechemea nakuta "Bwana asifiwe wapendwa, neno la asubuhi ya leo." Wapendwa! Grupu lina watu 214, jina lake refu lina madhabahu ndani yake, na aliyeniingiza usiku wa jana bila kuniuliza ni mama wa hadiwea. Nikajitoa. Saa kumi na moja na nusu nimerudishwa. "Karibu tena baba, adui alikuwa amekutoa." Jamani sio adui, ni mimi, nimebonyeza na kidole changu hiki hiki.

Sasa msije mkasema napinga dini. Dini ninayo. Mimi Mkatoliki wa kubatizwa kabisa, cheti kipo kwa bibi kwenye sanduku la vitenge, Jumapili ya Matawi mnaniona, Pasaka mnaniona, Krismasi ndo usiseme. Na kufanya biashara na Yesu mkononi kwa Dar hii wala sio habari mpya, fundi pancha kaandika Yehova Yire kwenye kipande cha bati, saluni ni Bethania, stesheneri ni Ebenezer, daladala mbele imeandikwa damu ya Yesu inalinda na breki anazijua yeye mwenyewe dereva. Mangi wangu pale kona ana stika ya Mungu ni mwema kila wakati na sukari bado anaipima kidole kikiwa ndani ya kopo. Hao nimewazoea. Ni watu wa stika, tunaelewana.

Huyu mama hana stika. Huyu anaamini kweli, ndo balaa lenyewe.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Mdogo wangu yuko Houston, anajenga huku Kibaha, na msimamizi wa ujenzi ni mimi. Cheo hicho nilipewa kwa WhatsApp na mshahara wake unalipwa huko huko kwa WhatsApp, ni vile vikono viwili vya manjano vimebanana. Nauli toka Tabata mpaka saiti juu yangu. Vocha juu yangu. Lori la mchanga likija saa tano usiku anayesimama na tochi kuangalia kama limejaa ni mimi, mbu wote wa Kibaha wananijua kwa jina. Nikigusia habari ya posho mdogo wangu anacheka, "braza we si ni familia." Sasa kwenye familia yetu mtu anajiongeza. Sisemi zaidi, mnajenga na nyie, mnajua.

Zamani ilikuwa rahisi. Unanunua kitabu cha risiti stesheneri, unachagua kalamu nzuri, unajiandikia kwa mwandiko wa mhindi. Toka hizi mashine za EFD, zile za TRA za kutoa risiti, zianze mwaka 2010 maisha ya wasimamizi yameharibika pole pole, ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti, wimbo mpaka watoto wanauimba. Bado kuna maduka unaulizwa kistaarabu, bosi na risiti au bila risiti, ile asilimia 18 ya VAT inayeyuka kila mtu anatabasamu. Lakini mdogo wangu kashtuka siku hizi, anataka ya mashine tu, na ile risiti ina namba ya kuhakiki, jamaa anakaa huko Texas anahakiki. Njia iliyobaki ni moja, muuzaji mwenyewe aandike mzigo mkubwa kidogo kuliko uliopakiwa. Ni jambo dogo la kusaidiana.

Basi Jumamosi tunajiandaa kumwaga zege la lenta, nikamchukua fundi tukaenda kwa huyu mama kwa sababu nondo zake zinasifiwa, ukiambiwa milimita 12 ni 12 kweli, sio zile za mjini ambazo ukizikunja zinakunjika kama waya wa antena. Ukutani kaning'iniza kibao kikubwa, MSIWIWE NA MTU CHO CHOTE, Warumi 13:8. Wenzake wanaandika leo kashi kesho mkopo, yeye kamtuma Mtume Paulo. Redio inapiga kwaya. Ndani kuna mzee mmoja kavaa baraghashia anasubiri misumari, dada anachagua rangi, vijana wawili wa kupakia wamekalia simenti, na boda kaja kununua boliti moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, Bwana asifiwe!"

"Milele amina."

Duka zima likanigeukia. Yaani mdomo ulienda wenyewe kwenye Tumsifu Yesu Kristo ya kwetu Wakatoliki. Mama akatabasamu kama mwalimu wa chekechea, "Amina peke yake inatosha baba." Fundi wangu, ambaye sijawahi kumuona kanisani wala msikitini wala kwenye msiba kama hakuna pilau, yeye akajibu "Ameeen" ya kuvuta mpaka redio ikazidiwa. Hapo tu ningeshtuka.

Nikauliza simenti ya 42.5, ile ya nguvu. Mfuko 16,500.

"Fanya kumi na sita mama, nachukua thelathini."

"Baba, imeandikwa maneno yenu yawe ndiyo, ndiyo, siyo, siyo."

"Kwaiyo ndiyo?"

"Siyo."

Sawa. Nondo arobaini, sikuomba hata kupunguziwa. Waya wa kufungia, misumari kilo tano, kila kitu bei ya kwenye karatasi. Nikajipa moyo, hapa bei imekaza lakini risiti italainika. Nikainama kwenye kaunta nikashusha sauti ya kiutu uzima. "Mama, naomba tutete pembeni kidogo."

"Pembeni wapi baba? Mi sina pembeni, sema tu hapa, Bwana anasikia kote."

Sasa mtu kama huyo unamwambiaje. Nikasogeza mdomo mpaka karibu na sikio lake, nikanong'ona, mama kwenye mashine tuandike thelathini na sita. Niko makini kabisa, hata nzi asingesikia.

"THELATHINI NA SITA? Si umechukua thelathini?"

Boda akaacha kuangalia boliti yake. Nikacheka kicheko cha msomi, nikasema ni mambo ya kihasibu mama, kuna gharama za uendeshaji. Hayo maneno gharama za uendeshaji niliyaandaa kwenye daladala toka Ubungo. Akaniangalia kwa huruma kabisa, ndo kitu kilichoniuma, angenitukana ningejibu. Akapunguza redio. Mkiona mtu aliyeokoka anapunguza redio kimbieni, hapo ushuhuda unakuja na mimi mzigo wangu ulikuwa haujatoka.

"Baba, mimi unayeniona hapa nilikuwa mwizi."

Mzee wa baraghashia akavuta stuli akakaa vizuri.

Akaanza. Kabla hajaokoka alikuwa anauza bati za geji 30, zile nyembamba, anasema ni geji 28, mteja ataijulia wapi, bati likishapanda juu ni mbingu na yeye. Mzani wa misumari ulikuwa na sumaku chini. Waya anapima kwa mkono na mkono wake mwenyewe mfupi. Risiti za kuongeza alikuwa anaandika mpaka mafundi wa Mlandizi wanapanda gari kumfuata. Siku aliyookoka akamsoma Zakayo, akafungua daftari akaanza kuwarudishia watu hela, duka likabaki na ndoo mbili za rangi na kitasa. Anaelezea machozi yanamlenga, dada wa rangi naye kashika kifua, vijana wa kupakia ambao kila siku wanausikia huo ushuhuda wanaitikia sehemu za kuitikia kama kwaya. Na mimi nimesimama hapo katikati, mtu mzima, nina watoto watatu na kitambi cha heshima, hela yangu iko kwenye droo yake, siwezi kuondoka, siwezi kubisha. Nikamwangalia yule mzee kama mwenzangu katika mateso, nikijua yeye atanitetea. Mzee akatikisa kichwa taratibu, "Hata kwetu lipo hilo mwanangu, sura nzima, Mutwaffifin, ole wao wapunjao." Wamenishika kulia na kushoto! Dini mbili kwa mifuko sita ya simenti!

Mama akafunga daftari. "Ndo maana hata huyu fundi wako alivyonipigia jana, eti nondo arobaini tuandike arobaini na sita, nilimwambia maneno haya haya."

Nikamgeukia fundi. Fundi anasoma maelekezo ya nyuma ya kopo la gundi, na kusoma kwenyewe sijui.

Ndugu zangu, nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata. Mtu anamuibia mdogo wangu! Mtoto wa mama yangu, anahangaika ughaibuni huko! Na tena jana, kabla yangu! Halafu nikapiga hesabu, nondo sita ni kama laki na nusu, mimi mifuko yangu sita ni 99,000. Msimamizi wa mradi niko chini ya fundi. Nikamfokea pale, "We fundi huna hofu ya Mungu?" Duka likanyamaza. Hata kwaya ya redioni nadhani ilikuwa inageuza ubeti. Boda ndo akaanza, akacheka mpaka boliti ikamdondoka ikaingia chini ya kaunta, vijana wakalala juu ya simenti.

Katikati ya hiyo aibu simu inaita, ya video, nani? Houston. Huku saa nne asubuhi, kule ni saa nane usiku, jamaa anafanya shifti ya usiku anatunza wazee, akiwa mapumziko anakagua saiti. Nikataka nisipokee, kidole hiki hiki kikateleza. "Braza vipi, mzigo umetoka? Nionyeshe." Mama akasikia. "Ndo mwenye nyumba? Nipe nimsalimie." Simu ikaondoka mkononi mwangu, sijui hata ilivyoondoka.

"Bwana asifiwe mwanangu!"

"Ameeen mama!" Na huyu naye! Toka lini?

Nikasubiri kusemwa. Jasho limeshuka mpaka kwenye soksi. Mama wala hakunisema, namheshimu kwa hilo, akasema tu "kaka yako yuko hapa na fundi, tumetafakari neno pamoja, naomba tukuombee." Akafumba macho. Akaombea msingi, akaombea lenta, akaombea mlango wa kuingia na wa kutoka, halafu akasema "na mikono yote inayoshika fedha hii, Bwana, ukaitakase," na pale kwenye mikono akavuta kidogo. Fundi akaingiza ya kwake mfukoni. Mimi nilikuwa nimeshika kaunta, sikuwa na pa kuipeleka.

Mdogo wangu analia. Huko kazini kwao, na yunifomu yake. "Mama hujui tu, huku watu tunaibiwa na ndugu kabisa." Kimya. "Mama naomba namba yako, kuanzia leo hela ya vifaa natuma kwako moja kwa moja, braza atakuwa anakuja kuchukua tu mzigo."

Kuchukua tu mzigo. Mimi. Kaka mkubwa.

Hivi nyie nauli ya kwenda Kibaha mnadhani inatoka wapi? Sasa hapa naongea ukweli sicheki. Mimi sikusomea wizi. Mwaka wa pili huu, Jumamosi zangu zote ziko kwenye saiti ya mtu, kwangu mwenyewe choo kinavuja na dari la sebuleni lina ramani ya Afrika, mke wangu ananiuliza hiyo nyumba ya Kibaha ikiisha tutahamia? Mtu akikutumia milioni tatu anakutumia milioni tatu kamili, hata elfu ishirini ya supu haiongezi, na ukiomba unaonekana una njaa, usipoomba una njaa kimya kimya. Mama anasema ukitaka posho mwambie ndugu yako ukweli. Haya, jana nimemwambia. Nimeandika ujumbe mrefu, wenye aya, nimeweka mpaka nauli ya kwenda na kurudi. Kajibu vile vikono viwili.

Kirikuu ya kubeba mzigo nayo ilizima mara mbili kwenye kilima, tukasukuma mimi na fundi, hatuongei, kila mtu anasukuma upande wake.

Na huyo fundi ndo yuko kwenye hilo grupu la alfajiri. Wa kwanza kuandika Amina kila siku ni yeye, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili, mtu huyo huyo ambaye saiti anafika saa nne anasema foleni. Mdogo wangu naye yumo, anatuma sadaka, tena nasikia anatuma nzuri.

Saa hizi nimekaa juu ya lundo la mchanga nasubiri boza la maji maana zege linataka kumwagiwa siku saba na bomba limekauka toka Jumanne, boza limesema nusu saa lakini hiyo nusu saa ya jana. Kuku wa jirani kaja kutagia kwenye mchanga wa watu, nimefukua nimekuta mayai sita, ya moto bado. Na jirani mwenyewe huyu hapa kashatokea na bakuli lake, anauliza mangapi.