Kupanda mikoko ni asubuhi moja tu, kuilinda nani analinda?

Mwaka juzi tulienda kupanda mikoko kwenye hori moja (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) hapa Mombasa. Tulikuwa watu kama mia hivi, tumepewa tisheti na kofia na maji ya chupa, na waliotuita (siwataji) walikuja mpaka na drone ya kupiga picha. Tukapanda kwa haraka, kila mtu anadunga anapopaona pazuri, kufika saa tano jua limekuwa kali tukaoga miguu tukaondoka na roho safi kabisa.

Baada ya miezi mitatu nikapita pale maji yakiwa yamekupwa, nikashuka kwenye boda nikaangalie. Miche mingine ilikuwa imelala kifudifudi imefunikwa mwani, mingine imegandwa na vile vigamba vidogo vya baharini mpaka kijiti chote kimepinda kwa uzito, na mingi haikuonekana hata ilipokwenda. Kulikuwa na mama anaokota kombe za baharini na kindoo chake, akaniuliza, "Mwanangu, umepoteza nini hapo?" Nikamweleza. Akaniambia hapo maji yanakaa sana na mawimbi yanapiga, mkoko haushiki, hapo ni mahali pa mlilana, na wao waliokuwa pale siku ile waliona tunapanda wakashangaa. Nikamuuliza mbona hamkutuambia mama. "Kwani mlituuliza?"

Hilo swali sijaweza kulitoa kichwani mpaka leo.

Maana alichosema ndio ukweli wenyewe wa mikoko. Sisi wa mjini tunasema mikoko kama vile ni mti mmoja lakini kila aina ina mahali pake, mlilana unakaa mbele kabisa unapigana na bahari, nyuma yake ndio unakuta mkoko wenyewe na ile mizizi yake ya kusimama kama miguu ya buibui, halafu kuna muia, mkandaa, na kule juu ambako maji yanafika siku za bamvua tu, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndio mchu unatawala. Tatizo mbegu ya mkoko ni rahisi sana, inaota ikiwa bado juu ya mti, ndefu kama ganda la mlonge, unaiokota unaidunga kwenye matope umemaliza. Kwa hiyo watu wanaipanda kila mahali, hasa kwenye matope ya wazi kwa sababu hapo hakuna mwenyewe na picha inatoka vizuri.

Sasa nenda Gazi uone tofauti. Gazi iko Kwale, kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa, na ule msitu wake uliumizwa vibaya sana miaka ya 70 pale miti ilipokatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali, kuna sehemu zikabaki uwanja mtupu. Watafiti wa KMFRI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, wakaanza kupanda tena miaka ya 90 mwanzoni, wakajifunza pole pole mti gani unakubali wapi, halafu mwaka 2013 watu wa Gazi na jirani zao wa Makongeni wakaanzisha Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117, na ile hewa chafu ya kaboni ambayo msitu unaizuia, kama tani 3,000 kwa mwaka, wanaiuza kwa watu na makampuni ya nje, yaani wanaochafua hewa kwao wanalipa ili msitu huu usimame, kupitia utaratibu wa kuthibitisha miradi ya kaboni unaoitwa Plan Vivo. Mwaka 2017 wakapata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Lakini mimi tuzo sio iliyonivutia. Kilichonivutia ni kwamba sehemu kubwa ya hizo hekta 117 ni msitu ambao ulikuwepo tayari. Yani hawa watu hawalipwi kwa kudunga vijiti, wanalipwa kwa kukesha. Kuna walinzi wanaozunguka, kuna kamati ya kijiji, na pesa ikishaingia wananchi wanakaa barazani wanaamua wenyewe ifanye nini. Imevuta maji ya bomba, imenunua vitabu vya shule. Sio pesa nyingi, hapo mwanzoni ilikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka, kuna watu huko Nairobi wanatumia hiyo kwenye semina ya siku mbili ya mazingira hotelini. Ila mama akifungua mfereji karibu na nyumba na anajua maji haya yametoka kwenye ule msitu, huyo atakuwa mlinzi hata usiku, sauti ya shoka akiisikia atatoka nje.

Na hawakumwambia mtu usikate halafu basi. Nyumba zetu za pwani zimejengwa na pau na boriti tangu enzi za mababu, babu yangu mwenyewe alikuwa anakata, na jiko linataka kuni kila siku. Kwa hiyo wakapanda mivinje pembeni, iwe ndio nguzo na kuni. Hapo ndipo miradi mingi inapofeli, unamnyang'anya mtu kuni unamwachia kipeperushi.

Kuna wanaosema biashara ya kaboni ni kuwapa wazungu ruhusa ya kuendelea kuchafua. Nawaelewa, na kwa kweli inaniuma kwamba anayefukiza moshi huko kwake anaweza kulipa kidogo akalala usingizi, na bei yenyewe haipangwi Gazi. Lakini nikiangalia mbadala tulionao saa hii, ambao ni tisheti na drone, mimi nitachagua Gazi kila siku. Majirani zao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu kule mpakani na Tanzania waliona wakaanzisha mradi wao kama huo, na wa kwao ni mkubwa zaidi, na mtu haigi jambo la jirani yake kama halijamletea faida.

Tulipewa mapumziko ya kitaifa tarehe 13 Novemba 2023 tupande miti, na serikali inataka bilioni 15 ifikapo 2032. Sawa, mimi napenda miti. Ila naomba kila anayetangaza idadi ya miche aliyopanda atangaze pia mwaka wa pili iliyobaki hai ni mingapi, na nani analipwa kuiangalia. Na kama bajeti ina pesa ya tisheti haina pesa ya mlinzi, basi hiyo pesa wapewe wale kina mama wa kombe, wao wako pale kila maji yakikupwa.

Pale kwetu kwenye hori tumerudi. Safari hii tulikuwa watu tisa, na yule mama ndiye aliyekuwa mbele, anatuonyesha na kidole hapa weka, hapa acha, hapa msiguse kabisa paacheni patajiotea penyewe mbegu zinaletwa na maji. Tulipanda miche 60 tu. Bamvua lililopita nilihesabu 47 iliyosimama, na mitatu ilikuwa imetoa majani mapya mawili mawili pale juu, ya kijani laini unaogopa hata kuyashika.