Anatafutwa Mjomba

Wachina walitengeneza beji za Mwenyekiti Mao kwa mabilioni. Wanaofuatilia mambo hayo hukadiria kwamba zilikuwa kati ya bilioni 2 na bilioni 5, na nyingi zilitoka viwandani kati ya mwaka 1966 na 1969, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, hadi chama chao chenyewe kilipoona aluminiamu inateketea kikapiga marufuku kuzitengeneza ovyo. Inasimuliwa hata kwamba Mao mwenyewe alilalamika, akataka arudishiwe ndege zake, maana aluminiamu hiyo ndiyo ya kuundia ndege. Mabilioni, ndugu zangu. Mimi natafuta moja tu, siipati, na harusi ni mwezi ujao.

Naomba nieleze huyu ninayemtafuta ni nani, maana kila nikitamka "beji ya Mao" watu hunitazama kama mtu anayetaka kuturudisha kwenye foleni za sukari. Marehemu Mzee wetu alikuwa kibarua wa Reli ya Uhuru, ile ambayo Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda waliitaka ili shaba ya Zambia ifike bandari ya Dar es Salaam bila kupitia Rhodesia ya Ian Smith. Benki ya Dunia ikasema hailipi, mataifa ya Magharibi nayo yakasema hivyo hivyo, Wachina wakaja na mabeleshi. Kazi ilianza mwaka 1970, na mwaka 1976 ikakabidhiwa reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mzee alipangiwa kipande kigumu kuliko vyote, kile cha kupanda kutoka Mlimba kwenda Makambako, ambako udongo huporomoka mvua ikinyesha kidogo tu, na ambako ndiko yaliko mahandaki mengi ya njia nzima. Huko alifanya kazi na Mchina mmoja wa baruti. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, jambo ambalo Mzee alisema ndilo lililodumisha urafiki wao, na siku Mchina huyo aliporudi kwao aliivua beji kifuani pake akambandika Mzee kwenye shati la kazi.

Ni beji ndogo, upana wake haufiki sentimita nne, ya aluminiamu iliyopakwa rangi nyekundu, na kichwa cha Mao cha rangi ya dhahabu kinatazama kushoto, kama kilivyo katika beji zake nyingi. Chini yake kuna maua matatu ya alizeti. Nyuma, pembeni ya pini, Mzee aliikwaruza kwa msumari herufi ya kwanza ya jina la mama yetu, yaani Z. Lakini kwa kuwa alijifunza kuandika ukubwani, katika yale madarasa ya Elimu ya Watu Wazima yaliyopamba moto kuanzia mwaka 1970, herufi yenyewe aliigeuza, ikatoka inafanana na S. Jambo hilo liliwahi kuleta maneno nyumbani, kwa sababu pale Mlimba alikuwepo pia binti mmoja aliyeitwa Salome, na hadi leo Mama hapendi lizungumzwe wakati wa chakula.

Sasa, Mzee alipokwenda kuchumbia hakuwa na pete wala mshenga wa maana, na mjomba wake aliyepaswa kumsindikiza alikuwa amekwama Ifakara kwa mafuriko. Alichokuwa nacho ni hiyo beji, akaibandika kwenye kanga ya Mama mbele ya wazee. Babu mzaa mama akainama, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza huyu mzee wa kwenye beji ni nani kwa upande wa mwoaji. Mzee, kwa kukosa la kusema, akajibu kwamba huyo ndiye mjomba. Babu akaridhika, akasema kwamba uso wake unaonyesha ni mtu anayekula vizuri, na mahari ikaanza kujadiliwa. Tangu siku hiyo, katika ukoo wetu, Mao Zedong ni Mjomba, na hakuna binti anayeolewa wala bibi harusi anayeingia nyumbani kwetu bila Mjomba kubandikwa upande wa ndani wa gauni lake, pale juu ya moyo, pini ikiwa imefungwa kwa uzi ili isimchome.

Binti wa kaka yangu anaolewa. Ukumbi umelipiwa, mpishi amepewa kianzio, na kamati ya harusi imeshanichangisha mpaka sasa nikisikia simu inaita naiweka chini ya mto. Mama, ambaye hakuuliza habari za ukumbi wala za mpishi, aliuliza neno moja tu: Mjomba yuko wapi? Tukatazamana. Mama akasema kwamba hakuna mjukuu wake atakayetoka nyumbani bila Mjomba, akageukia ukuta akalala, na kwa kuwa mimi ndiye mstaafu, na katika nchi hii mstaafu ni mtu ambaye ndugu zake wote wanaamini hana kazi, nikakabidhiwa msako.

Mara ya mwisho Mjomba alionekana mwaka 2011, kwenye harusi ya mdogo wangu wa mwisho. Nikampigia shemeji, mke wa huyo mdogo wangu. Akasema usiku ule ule alimvua Mjomba akampa shangazi amhifadhi. Shangazi, anayeishi Mlimba na ambaye simu yake hupatikana pale tu anapotaka kuomba kitu, akasema alimkabidhi binamu yetu wa kwaya. Binamu wa kwaya akasema ndiyo, alipewa, lakini alimbandika kwenye koti la bwana harusi wakati wa kukata keki, na koti lilikuwa la kukodi. Bwana harusi, yaani mdogo wangu, anasema siku ile hakuvaa koti, na ametuma picha kuthibitisha. Katika picha amevaa koti. Nilipomwonyesha akasema hilo ni koti jingine.

Nikaingia Kariakoo. Kwa wanaouza vitu vya zamani nimeonyeshwa beji za kila aina isipokuwa yangu. Nimeletewa jembe na nyundo za CCM za miaka ya mwanzo. Nimeletewa beji ya ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili ya mwaka 1990, na muuzaji akaniapia kwamba kwenye harusi hiyo ndiyo ingefaa zaidi, na kwa hilo sikuwa na hoja ya kumjibu. Mzee mmoja aliyewahi kusoma Moscow alinitolea Lenin akiwa amefungwa ndani ya leso, akitaka nimchukue kwa nusu bei kwa kuwa wote ni ndugu katika imani. Nilimpelekea Mama picha. Mama, ambaye macho yake hayasomi tena hata jina la dawa, aliinua simu, akasogeza, akasema: "Huyu ana ndevu. Mjomba hana ndevu. Usinichezee." Fundi wa mihuri na beji naye aliniahidi kunichapia Mao mpya kabisa kwa shilingi 10,000, achukuliwe kesho yake asubuhi, na swali alilokuwa nalo ni moja tu, kama ningependa awe anatabasamu.

Wajumbe wa kamati wakalichukua wazo hilo la kuchapisha wakalipeleka mbali. Mwenyekiti akapendekeza tuchapishe beji 300 zenye sura za maharusi, wageni wote wavae, ili "kuenzi mila ya familia". Nilipouliza Mjomba atakuwa wapi katika mpango huo nikaambiwa atatajwa kwenye risala.

Yupo binti mmoja wa Kichina mwenye duka la mikoba katika mtaa mmoja wa huko huko, anazungumza Kiswahili cha kukukosesha punguzo. Nikamwendea kwa unyenyekevu, nikamwonyesha picha ya zamani ya Mama akiwa na Mjomba kifuani. Akacheka mpaka akakaa juu ya boksi. Akasema nyanya yake huko kwao ana bati zima la biskuti lililojaa beji hizo, na wajukuu huzichezea wakati wa mvua. Bati zima! Huku sisi tumemficha mmoja kwenye sanduku la chuma lenye dawa ya nondo, tukamwapisha kila anayemshika, na bado amepotea. Kule wamemwagwa sakafuni na hakuna aliyepotea. Mtoto huyo wa watu, Mungu ambariki, alimwagiza ndugu yake aliyekuwa anakuja na mzigo, na Mao watano wakafika ndani ya kiatu. Mmoja alikuwa yeye kabisa, wekundu ule ule, alizeti tatu, anatazama kushoto. Nikaufuta mgongo wake, nikampelekea Mama bila kusema neno.

Mama hakuutazama uso. Aliigeuza beji, akapitisha ukucha wa kidole gumba taratibu pembeni ya pini, akarudia, halafu akanirudishia. "Huyu ni mtu mzuri," akasema, "lakini hatujuani."

Basi, nikapanda basi kwenda Mlimba, maana kila njia ya maelezo ilikuwa inapita kwa shangazi. Na hapo nawaonya wenzangu mnaotafuta kitu cha kale katika nchi hii: msiseme mnatafuta kitu cha kale. Nilimwuliza kijana mmoja pale stendi kama anawafahamu wazee waliofanya kazi kwenye reli na kama kuna aliyebaki na beji. Kabla sijamaliza soda yangu habari zilikuwa zimefika sokoni kwamba kuna mzee kutoka Dar anatafuta chuma cha Wachina chenye madini, na nyote mnajua jinsi watu wetu walivyohangaika miaka yote kuchimba chini ya mibuyu wakitafuta rupia za Mjerumani. Mmoja aliniletea nati ya reli, akataka shilingi milioni 2. Mwingine alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama hicho chuma kina zebaki na kama kinasogea chenyewe usiku. Nilipowaeleza kwamba ni cha bibi harusi wakapandisha bei, kwa sababu ya uganga. Jioni nilisindikizwa hadi kwa shangazi na kundi la vijana wenye majembe ambao hawakuniamini nilipowaambia nakwenda kulala.

Shangazi alinipokea vizuri, akachinja kuku, akanisikiliza, na kwa mara nyingine akaapa kwamba Mjomba hayuko kwake. Akalaani tabia ya binamu wa kwaya kwa kirefu. Kisha akanipa kitanda chake mwenyewe, heshima ambayo hupewa wageni wa kutoka mbali, yeye akaenda kulala na wajukuu. Mlimba ni bondeni, joto la Kilombero mnalijua, na mbu wa pale wanakuja kwa sauti ya mashine ya kukoboa. Nikashusha chandarua. Kilikuwa cha siku nyingi, kimeoshwa mpaka kimegeuka rangi ya maziwa yaliyolala, na upande wa kichwani palikuwa na mpasuko mkubwa ambao mtu alikuwa ameukusanya, akaukunja mara mbili, akaubana kwa pini. Nikawasha tochi ya simu ili nihakikishe kwamba pamefungwa vizuri. Mwenyekiti Mao akawa ananitazama, kwa jicho moja, kichwa chini, rangi imembanduka kwenye shavu. Nikapenyeza kidole nyuma ya kitambaa. Ile Z iliyogeuka ilikuwepo.

Sikusubiri kuche. Nikamgongea shangazi usiku ule ule. Akaja na kibatari, akatazama ninachomwonyesha, wala hakushtuka hata kidogo.

"Kumbe ni huyo?" akasema. "Si ungesema mapema, baba. Mimi nilidhani mnatafuta kitu cha dhahabu."

Nikataka kumtoa. Shangazi akanishika mkono. Akaniuliza kama najua mjukuu wake wa mwisho ameugua malaria mara ngapi, na kama Mjomba akiondoka nani atashika nafasi yake hapo. Nikajitolea kutafuta pini ya kawaida. Akasema pini za kawaida alishazijaribu, zinashika kutu na kuchana, na kwamba Wachina wa zamani walikuwa wanatengeneza vitu vya kudumu, si hawa wa sasa. Kwa ufupi, Mjomba hatoki mpaka kije chandarua kipya, futi sita kwa sita, cha rangi ya buluu, kile cha duara kinachoning'inia na si cha pembe nne. Na kwa kuwa kitanda cha wajukuu nacho hakina, viwe viwili. Tena hatanikabidhi mimi. Atamleta mwenyewe mkononi hadi ukumbini, na nauli ya kuja na kurudi iwe juu yetu pamoja na kitenge cha sare, kwa sababu, kwa maneno yake, vitu vya ukoo huu vinapotea sana vikishikwa na watu wasio makini.

Nimerudi Dar na kuwasilisha hesabu hiyo mbele ya kamati. Mwenyekiti amehuzunika kidogo kuhusu beji zake 300. Mweka hazina amekubali kutoa fedha za vyandarua, ila anataka risiti, na tumekaa kikao kizima tukibishana viingizwe kwenye fungu gani. Kwa sasa viko chini ya mapambo.