Ubaguzi wa rangi na bangi ya kwanza ya kijana Mweusi wa Marekani

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Washington, mji mkuu wa Marekani. Vijana Weusi 101 wa miaka 13 hadi 17 waliombwa, kwa wiki mbili, waeleze kila siku yale ya kibaguzi yaliyowapata. Wastani ulizidi mara tano kwa siku, na mengi yaliwafika kupitia simu zao. Waliokumbana nayo zaidi walionyesha pia dalili zaidi za sonona siku zilizofuata.

Kwamba ubaguzi unaumiza, wengi wanakubali. Ubishi uko hapa: je, maumivu hayo ndiyo yanayomfikisha kijana kwenye kile watafiti wanachokiita "tabia hatarishi", yaani sigara, pombe, bangi na ngono zembe, au tunatafuta mchawi?

Wenye shaka wana hoja nzito. Kwa miongo kadhaa tafiti za mashuleni Marekani zimeonyesha kuwa vijana Weusi huvuta sigara na kunywa pombe kidogo kuliko wenzao Weupe. Ubaguzi ungekuwa na nguvu inayodaiwa, wanasema, hesabu ingekuwa kinyume. Tena kipimo chenyewe ni maneno ya kijana. Aliyekwisha kuzoea bangi hukwaruzana zaidi na walimu na polisi, na huenda ugomvi aliouanzisha mwenyewe akauita ubaguzi.

Hoja ya kwanza naiona inajibu swali lisiloulizwa. Hatuwapimi Weusi dhidi ya Weupe. Tunawapima vijana Weusi wao kwa wao, aliyebaguliwa sana na aliyebaguliwa kidogo. Kanisa, bibi mkali na mama anayejua mwanawe yuko wapi saa tatu usiku vinawakinga wengi. Lakini mtu akinusurika kwa sababu amepewa dawa, hatusemi nyoka hakuwa na sumu.

Ya pili inahitaji ushahidi wa miaka, na upo. Tangu miaka ya 1990, watafiti wakiwemo Frederick Gibbons, Meg Gerrard na Gene Brody wamefuatilia mamia ya familia za Weusi katika majimbo ya Iowa na Georgia, wakianza na watoto wa miaka 10 na 11. Katika umri huo wengi hawajagusa chochote. Waliobaguliwa mapema ndio walioelekea zaidi kwenye ulevi baadaye, na njia yao mara nyingi ilipitia hasira na marafiki waliokwisha kuanza. Kwa hiyo ubaguzi ulitangulia. Gibbons na Gerrard wanatenganisha nia na utayari, na hapo wamenifungua macho: ni wachache wanaoamka asubuhi wamepanga kuvuta bangi, ila kijana aliyedhalilishwa mchana, jioni akinyooshewa msokoto, hakatai kwa urahisi kama jana. Katika majaribio, vijana Weusi waliotakiwa kuwazia tukio la kubaguliwa walionyesha utayari mkubwa zaidi wa kutumia vilevi. Jambo hilo haliwezi kuelezwa kwa ugomvi na walimu.

Hata hivyo neno lenyewe, "tabia hatarishi", linanikera kidogo, kwa sababu linamwekea kijana mzigo wote. Kampuni za tumbaku zilitangaza sigara za mentoli katika mitaa ya Weusi kwa miongo mingi, na leo Weusi wengi mno wanaovuta hutumia aina hiyo, ambayo ubaridi wake humrahisishia anayeanza. Mwaka 2022 serikali ilipendekeza kuipiga marufuku. Januari 2025 pendekezo likaondolewa. Hiyo nayo ni tabia hatarishi, na haikufanywa na mtoto wa miaka 15.

Hili linatuhusu pia sisi wenye lugha hii. Iowa ileile ina familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili, na wazazi wengi waliohamia Marekani huwaambia watoto: "Wewe si kama hao Weusi wa hapa, achana nao, soma tu." Naelewa hofu yao, lakini naona wanakosea. Mlinzi wa dukani hamuulizi mtoto babu yake alizaliwa wapi kabla ya kumfuata nyuma ya rafu. Mtoto aliyefundishwa kwamba ubaguzi ni shida ya wengine atakapofikwa hatakuwa na wa kumweleza nyumbani.

Brody na wenzake walijaribu njia nyingine Georgia vijijini: wiki saba, mzazi na mtoto wa miaka 11 wakijifunza pamoja sheria za nyumbani, mazungumzo ya wazi, fahari ya kuwa Mweusi na namna ya kuukabili ubaguzi. Katika miaka iliyofuata, watoto hao walianza pombe wachache kuliko wenzao ambao hawakushiriki. Sisemi wazazi wabebe peke yao kazi ya shule na sheria. Nasema mazungumzo hayo yanaweza kuanza leo jioni mezani, hata kabla shule haijabadilika.