Mungu wa Ekroni hakuwa wa nzi

Jumapili iliyopita mhubiri wa mtaani kwetu, spika yake ikitazama dirisha langu, aliwaambia watu kwamba Wafilisti waliabudu nzi. Akavuma "zzzz" kwenye maikrofoni, watu wakacheka. Mimi nilikuwa napunga kitambaa juu ya bakuli la maharage, nikajisemea: hapo, mzee wangu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kisa kiko 2 Wafalme 1. Mfalme Ahazia wa Israeli anaanguka kutoka dirisha la orofani kwake Samaria, anaumia, anatuma wajumbe Ekroni, mji wa Wafilisti, wakamwulize Baal-zebubu, mungu wa huko, kama atapona. Eliya anawakatiza njiani, anawarudisha na jibu chungu. Kwa Kiebrania zebubu ni nzi, baali ni bwana. Kwa hiyo Bwana wa Nzi. Lakini mfalme anayepigania roho yake atume watu mpaka nchi ya Wafilisti kwa mungu mwenye jina kama hilo?

Sasa fungua Mathayo 12:24, Biblia hiyohiyo ya Kiswahili. Mafarisayo wanamtaja Beelzebuli. Si -bu, ni -li. Wengi huipita silabi hiyo kama kosa la mpiga chapa. Kwangu ndiyo ufunguo. Mwaka 1929 wachimbaji walianza kufukua mji wa kale wa Ugarit, pwani ya Syria, wakapata vibao vya udongo vyenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Humo mungu wao Baali anasifiwa kwa neno zbl: mkuu, mtukufu, bwana wa nchi. Baal-zebuli, basi, lilikuwa jina la heshima, na jirani asiyempenda akaligeuza kidogo tu.

Shuleni kwetu kila Bakari aliitwa Bakuli. Hakuna aliyehitaji kufundishwa namna ya kufanya hivyo.

Na waandishi wa Israeli walikuwa na mazoea hayo. Mwana wa Sauli anaitwa Eshbaali katika 1 Nyakati 8:33; kwenye kitabu cha Samweli amekuwa Ishboshethi, na boshethi ni aibu. Mjukuu wa Sauli, Meribaali, naye ndiye Mefiboshethi. Wamemng'oa Baali kwenye majina ya watu, wakapanda aibu mahali pake.

Wapo wasiokubali, na hoja yao si ya kubeza. Waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki waliandika "nzi" waziwazi. Wagiriki wenyewe, kule Olympia, walimtolea sadaka Zeus Apomyios, yaani Zeus mfukuza nzi. Kwa nini Ekroni wasiwe na wao? Tena nzi hakuwa tusi kila mahali. Kwenye kaburi la Malkia Ahhotep wa Misri, mwaka 1859, walikuta mkufu wenye nzi watatu wa dhahabu, na wengi huuona kama nishani ya vita.

Bado nasimama na utani. Penye madhabahu pana damu na mafuta juani, na nzi hangoji kualikwa. Watu wa Babeli walishaliona hilo: katika utenzi wa Gilgamesh, baada ya gharika, miungu wenye njaa wanaizonga sadaka kama nzi. Qurani nayo, Surat al-Hajj aya ya 73, inasema wanaoabudiwa badala ya Mwenyezi Mungu hawawezi kuumba hata nzi, na nzi akiwapokonya kitu hawawezi kukirudisha. Aliyebuni jina la Baal-zebubu hakuhitaji kwenda mbali kutafuta silaha. Ilikuwa imetua juu ya nyama.

Ekroni yenyewe imechimbwa kuanzia 1981. Kwenye kigae cha mtungi mmoja waliokuta pale pameandikwa: kwa Baali na kwa Padi. Padi alikuwa mfalme wao. Baali wameandika Baali tu.