Pesa ya simu hufuata makato

Noti ya elfu moja ina heshima yake. Ukiwa nayo mfukoni, heri ukope ishirini kwa rafiki kuliko kuivunja kwa ajili ya chai, maana ikishavunjwa haifiki jioni. Kwenye simu hakuna noti ya kuvunja. Pesa inamegwa sabini, mia moja hamsini, thelathini, na hakuna mahali inapokushtua.

Hiyo ndiyo hoja ya wanaosema malipo ya simu yametuzoesha ubadhirifu, na si ya kubezwa. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester wa MIT, Marekani, walichapisha matokeo ya minada waliyowafanyia wanafunzi. Walioambiwa watalipa kwa kadi walitaja bei kubwa kuliko wa pesa taslimu, na kwenye tiketi za mpira wa vikapu zaidi ya maradufu. Ila ile ilikuwa kadi ya mkopo. M-Pesa ilipoanza Kenya, Machi 2007, ilibeba pesa yako mwenyewe, na kazi yake ilikuwa kutuma nyumbani.

Tunachosahau ni makato. Ukituma zaidi ya shilingi 100 unakatwa, ukitoa kwa wakala unakatwa. Ukilipa dukani kwa namba ya Till, mteja hakatwi kitu. Basi pesa ikishaingia kwenye simu, njia yake nyepesi kuliko zote ni ya dukani. Juzi kibandani nilimtazama kijana akilipia chai na chapati mbili. Bei aliiuliza ameshakula. Akabonyeza, akaonyesha ujumbe kwa mbali, mama akatupia jicho simu yake mwenyewe, "Imeingia." Salio lilikuwa limeandikwa kwenye ujumbe ule ule, naye hakulisoma. Mimi pia huwa silisomi.

Lakini makato hayo hayo yanamsaidia mwingine. Anayeogopa ada ya kutoa huiacha pesa ikae, na pesa iliyokaa kwenye simu haionwi na wakopaji wa mtaani. Halafu kuna kumbukumbu. Nilipoipitia taarifa yangu ya miamala, mimi niliyekuwa naapa kwamba nauli ndiyo inayonimaliza, nikakuta ni bando na vitafunio vya saa kumi. Noti isingenieleza hayo.

Tena, kutumia zaidi si lazima iwe hasara. Wachumi William Jack na Tavneet Suri, katika utafiti wao wa mwaka 2014 kuhusu Kenya, walikuta kwamba familia zisizo na M-Pesa zikipatwa na pigo, kama ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yao hushuka kwa takriban asilimia 7. Ya wenye M-Pesa hayakushuka, kwa kuwa jamaa waliwatumia kitu. Hapo kutumia maana yake ni kula.

Kilichonibadilisha mawazo ni Fuliza, mkopo wa papo hapo ndani ya M-Pesa, uliokuja Januari 2019. Kabla yake salio lisipotosha simu ilikukatalia, na kukataliwa kule kulikuwa breki. Sasa inakuuliza kama ukopeshwe, muamala unapita na ada ya asilimia 1 juu yake pamoja na ya kila siku, na pesa inayofuata ikiingia deni linajilipa kwanza. Ile kadi ya mkopo niliyoiweka kando hapo juu imeshaingia ndani ya M-Pesa. Watetezi wa Fuliza wanamtaja mama anayetafuta dawa ya mtoto usiku wa manane, na wana haki. Tatizo ni kwamba dawa na soda zinapita kwenye kitufe hicho hicho.